Kristali Iliyogongwa kwa Bisibisi

Ndani ya saa ya mkononi ya betri kwa kawaida kuna kristali ya kwatzi inayotetema mara 32,768 kwa sekunde. Igawe namba hiyo kwa 2, urudie hivyo hadi mara 15, unabaki na 1: ndiyo sekunde yako. Mwalimu akatutaka tuuigize mzunguko wake wa umeme kwenye kompyuta kwanza, ndipo tuguse waya.

Kwenye programu niliyotumia unaijenga kristali mwenyewe kwa koili, kapasita na rezista, halafu kapasita nyingine sambamba nazo. Koili yenyewe ni ya maelfu ya henri, kipimo cha ukubwa wa koili! Ukiisuka kweli, sidhani kama itapita mlango wa chumba chetu Kabalagala, hapa Kampala. Nikaunganisha inveta (kipande kinachogeuza ishara na kuikuza), rezista ya megaomu kadhaa na kapasita mbili za kwenda ardhini, nikabonyeza kitufe. Ukatoka mstari mmoja, umelala, hautaki hata kujigeuza.

Nikabeba laptopu hadi kwa fundi redio wa Kansanga, mzee aliyejifunza Kiswahili jeshini na ambaye bado anaongea kama anaongoza gwaride.

"Kristali imekufa."

"Mzee, hii ni picha tu."

"Ni picha ya kristali iliyokufa. Mimi ninazo nzima. Elfu mbili."

Kabla sijajibu akashika bisibisi, akagonga laptopu ubavuni, ko! ko!, vile anavyoziamsha redio za wateja. Skrini ikazima. Nilipoiwasha, mchoro wote ulikuwa umekwenda na maji.

Ninayeishi naye chumbani ni Mkongo wa Bukavu, mtu wa subira. Tulipomaliza kuchora upya akaniambia jambo, lakini baa ya chini ilikuwa imefungulia spika zote, ikabidi anipigie kelele sikioni.

"Ndugu! Saketi ya kweli inaanzishwa na kelele!"

"Na nini?"

"Kelele! Vijiumeme vidogovidogo vya ndani ya vipande vyenyewe! Inveta inavikuza, vinazunguka, inavikuza tena! Humo kwenye programu kumetulia, hakuna cha kukuza!"

Kabalagala nzima inatikisika, madirisha yanalia, na kristali yangu imekosa kelele.

Basi nikaipa koili mkondo kidogo tangu sekunde ya sifuri, nikabana hatua za muda ziwe fupi zaidi. Kristali hizi ni nzito kuamka. Hata ya kweli inaweza kuchukua karibu sekunde nzima kushika kasi, na kompyuta lazima iikokotoe sekunde hiyo punje kwa punje. Feni ikaunguruma. Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ikaisha, taa zikazima, tukabaki na betri na maombi. Alfajiri hivi, mstari ukavimba katikati, ukawa wimbi, likapanda, likapanda! Nikaruka kitandani nikipiga vigelegele kama niko harusini.

Mlango ukagongwa. Mama mwenye nyumba.

"Ssebo, watu wanalala!"

Nyuma yake spika za baa zilikuwa zinaimba bila kupumua.

Mchana nikapita kwa fundi kumpa habari njema.

"Haikuwa imekufa, mzee. Ilitaka kushtuliwa kidogo tu pale mwanzo."

Akaweka chini redio aliyokuwa ameifungua, akanyoosha kiganja.

"Na nani aliishtua wa kwanza? Elfu tano."