Levi Meyerle na ile .492 ya mwaka 1871: tuihesabu au tuiache?

Mwaka 2024 ligi kuu ya besiboli Marekani, MLB, ilipoingiza takwimu za zile ligi za watu weusi za enzi za ubaguzi kwenye rekodi zake rasmi, Josh Gibson ndo akawa kinara wa avareji ya kupiga kwa msimu mmoja (mapigo yaliyofanikiwa gawanya kwa mara alizosimama kupiga), .466 ya mwaka 1943, akampita Hugh Duffy aliyekuwa juu na .440 tangu 1894. Mi nilifurahi sana, haki ilichelewa mno ile. Ila kuna mtu ana .492 na kwenye hiyo orodha hayupo kabisa, anaitwa Levi Meyerle wa Philadelphia Athletics, mwaka 1871, msimu wa kwanza wa ligi ya kwanza ya wachezaji wa kulipwa, National Association.

Kwa nini hayupo? Kuna kamati ilikaa mwaka 1969 ikaamua National Association isihesabiwe kama ligi kuu kwa sababu ratiba yake na uendeshaji wake ulikuwa wa ovyo ovyo, na kusema kweli hapo hawakusingizia. Timu ilikuwa inalipa dola 10 tu inaingia, mechi mnapangiana wenyewe kwa wenyewe, Boston wakacheza 31 wakati Kekionga ya Fort Wayne, ambao ndo walishinda mechi ya kwanza kabisa ya ligi 2-0 tarehe 4 Mei, waliacha kabla msimu haujaisha na mechi zao hazikufika hata 20. Sasa .492 ya Meyerle imetoka humo, mapigo 64 katika mara 130, mechi 26. Gibson 1943 alisimama kupiga zaidi ya mara 200. Kwenye mara 130 mtu anaweza akashika moto mechi ishirini na kitu tu na msimu ukaisha hajapoa.

Halafu mchezo wenyewe ulikuwa tofauti. Mrushaji anarusha kwa chini, mkono hauruhusiwi kupanda, anasimama kama mita 14 tu kutoka kwa mpigaji (siku hizi ni zaidi ya 18), na mpigaji ana haki ya kumwambia nataka mpira wa juu au wa chini na lazima aletewe hapo hapo. Walinzi mikono mitupu, glavu hakuna. Kulikuwa na pigo moja Ross Barnes wa Boston alilijua kuliko wote, anaugonga mpira kwa chini ukaguse ndani ya mstari wa pembeni wa uwanja mbele yake kisha uchepuke nje, na sheria ya wakati ule ilisema ukigusa ndani kwanza ni halali, basi mlinzi wa beisi ya tatu (beisi ni vituo anavyokimbilia mpigaji) anaukimbiza huko pembeni na Barnes keshafika beisi zamani. Mwaka 1876 alipiga .429, 1877 sheria ikabadilishwa akashuka mpaka .272, na watu wanasema unaona, ilikuwa ujanja wa sheria tu. Lakini mwaka huo huo Barnes aliugua sana! Hiyo namba peke yake haikuambii ipi ni sheria na ipi ni ugonjwa.

Na hapo ndo natofautiana na wanaotaka kuitupa 1871 yote. Sheria zile zile zilikuwa za kila mpigaji, na avareji ya ligi nzima ilikuwa kama .287, aliyemfuata Meyerle ni Cal McVey na .431, yaani kamwacha kwa pointi 61. Mpira rahisi wote waliupata, aliyefika .492 ni yeye tu.

Msimamo wa mwisho pia usome taratibu. Athletics mabingwa 21-7 (yaani ushindi 21, vipigo 7), Chicago 19-9, Boston 20-10 na sare moja. Hiyo 19-9 haionyeshi kwamba Oktoba 8 mji wa Chicago uliungua, uwanja wao ukateketea na jezi zote, wakamaliza msimu ugenini, na Oktoba 30 kule Brooklyn waliingia kucheza na Athletics wamevaa jezi za kuazima, kila mtu na yake, wakafungwa 4-1. Hawakuwa na timu tena kwenye ligi mpaka 1874.

Mi ningeihesabu ligi hii kuwa kuu, maana walioijenga National League 1876, ligi iliyokuja baada yake na inayohesabiwa kuwa kuu, ni wachezaji hao hao kina Anson, Spalding na Barnes, huwezi ukawaita wakubwa 1876 ukawakana 1875 walipokuwa bado National Association. Ila rekodi ya msimu ningemwachia Gibson, mara 130 hazitoshi. Meyerle ningemweka na idadi ya mechi zake pembeni, na chini yake ningeandika .340, aliyopiga 1876 kwenye ligi ambayo hakuna anayeikataa.