Aliyekataa Kuruka

Hadithi za wavulana waliokulia porini na mtoni nazipenda, ila kuna mahali huwa zinaniudhi. Watoto wametoroka nyumbani, wamevuka mto, wamepotea, giza limewakuta njiani. Mpaka hapo tuko pamoja. Kisha msimuliaji anaona ni lazima mmoja wao aruke kutoka juu ya jabali, ndipo tujue kuwa amekuwa mwanamume. Anaruka, wenzake wanashangilia, sura imekwisha. Mimi nabaki kulekule juu, namtafuta yule ambaye hakuruka.

Namtafuta kwa sababu ndiye mimi. Nilikuwa na miaka 11, tuko wanne, na mto wetu ulikuwa na jiwe kubwa lililoinamia mahali penye kina. Sheria yetu, ambayo hakuna mtu mzima aliyetufundisha, ilikuwa kupima kwanza kwa fito ndefu: ikizama yote bila kugusa chini, ruksa kuruka. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha huko juu mto unakotoka. Maji ambayo siku zote yalituonyesha mpaka mchanga wa chini yalikuwa ya kahawia, mazito, yanakokota vijiti na majani mbiombio. Tukaichomeka fito, mkondo ukaipokonya mkononi mwa mkubwa wetu.

"Haina neno," akasema, akavua shati. "Si jana tu tumeruka hapa?"

Jana. Neno hilo lilinikwama kooni, ingawa wakati ule nisingeweza kueleza kwa nini. Mto uliofurika huhamisha mchanga, husukuma mawe, huleta magogo na kuyatega chini pasipoonekana. Nikasema siruki. Nikaitwa majina yote ambayo mvulana wa miaka 11 huitwa na wenzake, nikaanza kushuka huku magoti yananitetemeka. Mdogo wetu, wa miaka 8, akanitazama, akamtazama mkubwa, akanifuata.

Ningependa kuwaambia kwamba aliyeruka aligonga gogo. Hakugonga kitu. Aliibukia mbele kidogo, anacheka na kutema maji. Aliyeumia ni huyu aliyenifuata mimi: aliteleza kwenye jiwe lenye ukijani wa maji, goti likapasuka mpaka nikaona cheupe ndani.

Kwangu mimi hadithi inaanzia hapo, na hapo ndipo wasimuliaji wengi huwa wameshafunga daftari. Kule kuruka kulikuwa jambo la kufumba na kufumbua. Kumrudisha yule mtoto kulituchukua alasiri nzima. Nililibana goti kwa shati langu mpaka damu ikapungua, tukapokezana kumbeba mgongoni, na njiani tukatunga uongo na kuusahihisha mara tatu: alianguka ngazini, hapana, kwao hakuna ngazi, basi baiskeli, baiskeli ya nani? Mama yake hata hakutusikiliza. Alipitisha ukucha kwenye mguu wa mwanawe, ukaacha mstari mweupe, kama inavyokuwa kwa ngozi iliyokaukia maji ya mto. Kesi ikaisha. Mkubwa wetu alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Nikasikia sauti yangu inasema, "Mama, alikuwa ananifuata mimi." Hakuna aliyeshangilia.

Baadaye nilikuja kujua kuwa mambo haya yana watafiti. Ellen Sandseter wa Norway, mwaka 2007, aliigawa michezo ya hatari ya watoto katika makundi 6: kupanda juu sana, kwenda kasi, kutumia zana kali, kucheza karibu na moto au maji, mieleka, na kwenda mahali ambapo mtoto anaweza kupotea. Matano ya kwanza yanautisha mwili. La sita linamtoa mtoto machoni pa wakubwa, nasi ndilo tunaloliondoa mapema kuliko yote. Unaweza kumpeleka mtoto akapande ukuta wa mazoezi, amefungwa kamba, mkufunzi amesimama chini. Urefu ataupata, woga ataupata. Nafasi ya kuamua kushuka bila mtu kumwambia "vizuri sana" hataipata.

Uingereza mwaka 1971, watoto wanane katika kila kumi wenye miaka 7 na 8 walikuwa wakienda shule bila mtu mzima. Kufika 1990 walikuwa wamebaki asilimia 9. Wazazi walitaja magari kuwa ndiyo hofu yao kubwa, na sina jeuri ya kuwacheka. Gari halipimwi kwa fito.

Halafu, kwa nini wavulana tu? Dada yangu aliogelea kunishinda. Lakini yeye alipotaka kwenda mtoni aliulizwa anakwenda na nani. Mimi niliulizwa nitarudi saa ngapi. Utoto wake na wangu ulitenganishwa na maswali hayo mawili, na sijawahi kusikia mtu akimwomba radhi.

Msinielewe vibaya, watoto huzama. Iko mito ambayo nisingemwachia mtoto wa mtu hata akiwa bingwa wa mbizi. Mtoto afundishwe kuogelea, apelekwe ukingoni aoneshwe maji ya mafuriko yalivyo na yanavyonguruma, kisha mkubwa arudi nyuma hatua kadhaa. Hatua ngapi? Inategemea mto, na inategemea mtoto. Nami hesabu hiyo bado hunipiga chenga, maana ninaye wa miaka 12.

Wiki iliyopita alirudi jioni nywele zimelowa, na maelezo marefu sana kuhusu mechi ya mpira. Niliushika mguu wake, ukucha uko tayari, kisha nikabadili mawazo.

"Maji yalikuwa rangi gani?"

Akanyamaza kidogo. "Ya kahawia, baba. Tulikaa ukingoni tu."

Nikauachia mguu. Sikioni alikuwa na mchanga.