Calvin Peete alianza akiwa na miaka 23
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai kwamba mcheza gofu ambaye hakushika fimbo tangu utotoni hawezi kufika popote katika mashindano makubwa ya Marekani, na kama ushahidi anamtaja Tiger Woods, aliyeanza kabla hata hajaenda shule. Kuhusu Woods simpingi, lakini kanuni yenyewe inavunjwa na Calvin Peete, ambaye jina lake halimo kabisa katika makala. Peete, aliyekulia Florida katika familia ya vibarua wa mashambani, alikuwa akizunguka na gari akiwauzia wavunaji nguo na vito, na hakuanza gofu hadi alipofikisha miaka 23. Isitoshe, kiwiko chake cha kushoto, alichokivunja utotoni kwa kuanguka mtini, hakikunyooka tena. Na yeyote aliyewahi kufundishwa mchezo huu anajua jinsi makocha wanavyoshikilia kwamba mkono huo usipinde fimbo inapopanda (mimi nimeambiwa hivyo mpaka nimechoka). Mtu huyo alishinda mara 12 katika PGA Tour, mfululizo mkuu wa mashindano ya gofu ya kulipwa Marekani, ikiwemo Players Championship, moja ya mashindano yake makubwa, ya mwaka 1985 akiwa na miaka 41, na kwa miaka 10 mfululizo, kuanzia 1981 hadi 1990, ndiye aliyeongoza huko kwa usahihi wa pigo la kwanza la kila shimo. Mipira yake haikwenda mbali kama ya wenzake, ila ilijua pa kutua. Je, wasomaji mnaofundisha vijana, mngempokea mwanafunzi wa namna hiyo, au mngemrudisha nyumbani siku ya kwanza?