Faini ya dakika mia moja

Siku ya mwaka mpya wa 2021 msanii Gigy Money alipanda jukwaani Dodoma, kwenye tamasha la Tumewasha, na vazi ambalo wengi walisema ni heri asingevaa kitu. Hazikupita siku nyingi, Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likamfungia miezi sita na kumpiga faini ya shilingi milioni moja. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, nayo ikaifungia Wasafi TV iliyorusha tukio lile. Mimi niliisoma habari hiyo nikapita zangu. Moyoni nilisema, amejitakia.

Agosti 2022 Simba ikatangaza mdhamini mpya wa kifuani, kampuni ya kubeti ya M-Bet, kwa mkataba wa shilingi bilioni 26.1 kwa miaka mitano. Nilishangilia, wala sifichi rangi zangu. Siku kadhaa baadaye, nikiwa kwenye foleni ya benki sina la kufanya, ndipo nilipoigawanya ile namba kwenye simu. Kwa mwaka inakuja bilioni 5.22. Kwa siku, milioni 14.3. Kwa dakika moja, usiku na mchana, hata wakati Kariakoo imelala, ni karibu shilingi elfu kumi. Maana yake ile milioni moja ya Gigy Money inapatikana kwa dakika mia moja. Hiyo ni mechi moja tu ambayo kipa wa wageni amejiangusha-angusha kupoteza muda.

Najua utanikatiza: faini ni faini na udhamini ni biashara, unachanganya vipi? Nachanganya kwa makusudi. Vyote viwili ni majibu yetu kwa swali lile lile la nini kinawaharibu vijana. La jukwaani tulilijibu kwa barua ya kufungiwa. La kifuani tulilijibu kwa mkutano na waandishi wa habari, makofi na picha ya pamoja.

Hebu tuigeuze tena hiyo bilioni 26.1. Ni mikeka, yaani tiketi za kubeti, milioni 26.1 ya buku moja moja, yote imechanika. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Tukigawana gharama ya kifua cha timu moja, kila mmoja wetu, kuanzia kichanga aliyezaliwa leo Temeke hadi bibi wa Namtumbo asiyejua kuotea ni nini, anachangia shilingi 423. Hapo sijaigusa Yanga, ambayo mwaka huo huo ilisaini na SportPesa, kampuni nyingine ya kubeti, shilingi bilioni 12.3 kwa miaka mitatu. Na huo ni udhamini tu, hela ambayo kampuni inaona inaweza kuitoa baada ya kuwalipa washindi, serikali na wafanyakazi, na biashara bado ikasimama. Bodaboda anayekwambia kwa uchungu kwamba Arsenal imemchania mkeka hajui kuwa yeye ndiye mdhamini mkuu. Hakualikwa kwenye ile picha ya pamoja.

Sasa tuwasikilize wanaotetea, maana hawasemi upuuzi.

Kubeti ni biashara halali Tanzania. Ina sheria yake na bodi yake ya michezo ya kubahatisha, inalipa kodi, na hairuhusiwi kwa mtu aliye chini ya miaka 18. Wapenzi wa mpira watakuuliza tulikuwa wapi kabla ya hela hiyo. Mei 2017 SportPesa iliingia nchini kwa kuzikamata Simba na Yanga zote mbili, na Julai mwaka huo huo ikaileta Everton Uwanja wa Taifa kucheza na Gor Mahia ya Kenya. Wayne Rooney akafunga kwa shuti la mbali ambalo watu bado wanalisimulia kama walipiga wao. Yanga imecheza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023, Simba mwaka 2025. Wachezaji wanalipwa mishahara ambayo baba zao, waliocheza kwa nauli na soda, hawakuiota. Na Kenya tumeona upande wa pili wa shilingi: kodi ilipopandishwa SportPesa ikafuta udhamini wake wa michezo Januari 2018, na iliposimamisha biashara yake kule mwaka 2019, Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki zinahangaika na mishahara. Mwenye kupiga kelele za maadili hakuwalipia wachezaji wale kodi ya nyumba.

BASATA nao wana hoja. Video haiombi hodi siku hizi, inaingia kwenye simu ya mama na kuishia mikononi mwa mtoto wa miaka minane. Na wasanii si malaika. Wengine wanatafuta kiki, wanaijua barua ya kufungiwa itakuja, na wameshapanga wimbo wa kutoa siku itakapokuja. Mzazi aliyechoka ana haki ya kutaka mtu fulani aseme basi.

Hivyo BASATA kuwa na meno sioni ubaya. Ubaya ni meno kuota upande mmoja wa taya.

Kila msanii anapoadhibiwa husomewa ile sentensi, kwamba yeye ni kioo cha jamii. Nimefuatilia mpira tangu enzi za redio ya mkulima na sijawahi kusikia mshambuliaji akiitwa kioo cha jamii. Akikutwa kilabuni saa tisa usiku, swali letu ni kama Jumamosi atacheza. Akizaa nje, mtangazaji anampongeza hewani kwa kupata mtoto. Dada wa Bongo Fleva akizaa nje, anahojiwa kipindi kizima baba ni nani.

Hata ndani ya sanaa yenyewe mzani una mkono wa mtu. Novemba 2018 BASATA waliufungia wimbo wa Rayvanny na Diamond uitwao Mwanza. Mwezi uliofuata wakaupiga jukwaani, tena jijini Mwanza kwenyewe, na wote wawili wakafungiwa kwa muda usiojulikana. Muda huo usiojulikana ulijulikana baada ya mwezi mmoja hivi, wakafunguliwa. Walikuwa na mashabiki wa kuwalilia, vyombo vya habari na mikataba ya nje. Sisemi walionewa wala walipendelewa. Nasema wale wadogo, hasa wa kike, hawana mtu wa kwenda kuwaombea ofisini.

Wenzetu Uingereza hawajatuzidi sana. Mei 2023 Ivan Toney wa Brentford alifungiwa miezi minane kwa makosa 232 ya kuvunja kanuni za kubeti. Hakuuza mechi. Tume iliyomsikiliza ilimpunguzia adhabu baada ya mtaalamu kuthibitisha kuwa kubeti kulikuwa kumemgeuka ugonjwa. Jezi aliyokuwa akivaa wakati hukumu inatoka, ile aliyofungia mabao, ilikuwa na jina la Hollywoodbets kifuani. Mgonjwa wa pombe tulimvalisha bango la bia, tukamwadhibu kwa kunusa glasi. Mwezi mmoja kabla ya hukumu hiyo, klabu za Ligi Kuu kule zilikuwa zimekubaliana kuondoa majina ya kampuni za kubeti mbele ya jezi, ila kwa kujipa muda hadi mwisho wa msimu wa 2025/26. Toney hakupewa misimu mitatu ya kujirekebisha.

Na dini? Hapa natembea kwa uangalifu, maana nimelelewa kanisani na bado nipo.

Lile shtaka la kawaida, kwamba wahubiri wanasema hivi na kutenda vile, silipi uzito mkubwa. Mahubiri yangengoja mhubiri asiye na doa, mimbari zingeota nyasi. Mtu anayehubiri usafi na akaanguka ni mdhaifu, na udhaifu ni wa wote. Undumilakuwili ni jambo jingine: kanuni moja kuwa na bei mbili, ukimjua muuzaji unapunguziwa.

Nilipokuwa kijana, ushirika wetu ulikuwa na msichana wa sauti ya kwanza kwenye kwaya. Akapata mimba. Wazee wakakaa, akatengwa, na baada ya kujifungua akarudishwa kundini kwa utaratibu tunaoujua: akasimama mbele Jumapili, macho chini, mtoto mgongoni, mchungaji akatutangazia kwamba ametubu. Sote tukaimba. Aliyeimba besi kwa nguvu kuliko wote asubuhi ile alikuwa baba wa mtoto, na hakuna aliyekuwa hajui. Yeye hakutengwa kwa sababu hakukiri, na hakukiri kwa sababu hakuna kitu mwilini mwake kilichokuwa kinavimba.

Nimeifikiria asubuhi ile kwa miaka. Shule zetu zilifanya vivyo hivyo kwa miongo, binti mwenye mimba nje, mvulana ndani anaendelea na mtihani, mpaka Novemba 2021 serikali iliporuhusu mabinti warudi masomoni. BASATA na vazi, shule na tumbo, kanisa na tumbo lile lile. Ukizitazama hukumu hizi pamoja unaona mabaraza yetu ya maadili yanapenda kosa lenye kidhibiti, na kidhibiti chepesi kuliko vyote ni mwili wa mwanamke. Hakihitaji shahidi wala ukaguzi wa hesabu.

Nilidhani hapo nimelimaliza fumbo, lakini jezi ikanikatalia. Nembo ya kubeti nayo inaonekana. Iko kifuani, herufi kubwa kuliko jina la mchezaji. Muumini aliyesomewa Ijumaa kwamba kamari ni uchafu katika kazi za shetani, akiwekewa kwenye aya moja na pombe, anaivaa Jumamosi na kwenda uwanjani akiimba. Mkristo hali kadhalika. Kama tatizo lingekuwa macho tu, kifua kile kingetuchoma.

Nadhani tofauti iko kwenye jina tunalokipa kitu. Akikosea mtu mmoja asiye na mgongo, neno ni maadili. Inapokuwa taasisi, neno linabadilika: udhamini, uwekezaji, ajali. Februari 1, 2020, watu 20 walikufa Moshi kwenye mkutano wa injili, katika msongamano wa kukimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Polisi waliingia kazini, ndiyo. Lakini katika mazungumzo yetu mitaani lile lilikuwa ajali tangu siku ya kwanza, na mikutano ya namna ile ikaendelea kujaa. Labda ilikuwa ajali kweli. Ninachouliza ni kwa nini neno hilo la upole linapatikana haraka kwa uwanja mzima na halipatikani kwa sketi moja.

Kuna mtu mmoja anayenivuruga kila nikifika hapa, naye ni Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar. Alivuta sigara mbele ya kamera, alipiga ngoma ya unyago iliyokuwa ya kufundishana wanawake faraghani, akaipeleka majukwaa ya dunia, akapewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na alipofariki Aprili 2013 nchi nzima ilimlilia. Viuno vya unyago ni vile vile. Huenda tulimsamehe kwa sababu ya kipaji, ningependa iwe hivyo. Nahofia tulimsamehe kwa sababu tulimjua akiwa bibi, na mwili wa bibi hatuuogopi. Umri wa miaka ishirini na mitano hatuna subira nao.

Siombi BASATA wafunge ofisi, wala siombi Simba irudi kuchezea nauli na soda. Ningeridhika na mambo madogo. Anayefungiwa apewe nafasi ya kusikilizwa kwanza na barua ieleze kifungu alichovunja, siyo hisia za mwenye barua. Ushirika unaomsimamisha mama umsimamishe na baba, au usimsimamishe yeyote. Mimi ningechagua la pili. Na kampuni ya kubeti ikitaka kifua, ilipie kwa sauti ile ile matibabu ya waliozama, wanaoandika mikeka mpaka ada ya mtoto inakwisha. Uingereza angalau jezi za watoto haziruhusiwi kubeba majina hayo.

Kwetu, jirani yangu ana mtoto wa darasa la pili. Mama yake ni mkali, video ya Bongo Fleva ikianza tu anashika rimoti. Jumapili iliyopita nilimkuta yule mtoto getini anangoja kupelekwa Shule ya Jumapili, viatu vimepigwa kiwi, Biblia ndogo kwapani, na jezi ya timu ambayo mama amemnunulia kama zawadi ya kushika namba tatu darasani. Alikuwa anajifunza kusoma kwa kidole. Akaanza kunisomea kifua chake, herufi moja baada ya nyingine, na alipomaliza neno zima mama yake akampigia makofi.