Papa mkavu ndani ya mkebe

Nyumbani kwangu kuna mkebe wa plastiki wenye kipande cha papa mkavu, nikifungua mfuniko tu jirani wa mlango wa pili anajua. Ule mkebe ni kitabu. Yaani ni ukurasa wa tatu wa kitabu cha hadithi ya kushika na kunusa, na mwenye kitabu ni mwanangu, ana miaka 9, tunamwita Babu kwa vile kachukua jina la babu yake mzaa baba. Haongei, hakai bila kushikiliwa, macho yenyewe mazima ila ubongo hausomi vizuri kile macho yanacholeta, na kifafa kipo ingawa dawa zinakituliza. Alichelewa kulia siku aliyozaliwa, yaani ubongo ulikosa hewa, mengine mnaojua mnajua.

Kuna maneno nimeyasikia mpaka yamenichosha: "unamsimulia hadithi ya nini na wala haelewi". Nimeambiwa na ndugu, nimeambiwa na mwalimu mmoja wa kitengo maalumu cha watoto wenye ulemavu (shule siitaji), tena wanasema kwa huruma kabisa, kama mtu anayekuonea uchungu unavyopoteza mkaa kuchemsha maji ya bure.

Haya, kwani kuelewa hadithi ni nini? Sisi bibi akisema Paukwa tunajibu Pakawa, anaendelea kaondokea Chenjagaa, kajenga nyumba kakaa, nani kati yetu alikuwa anajua Chenjagaa ni nani? Mie mpaka leo sijui. Lakini ile sauti ikianza tu mwili ulikuwa unajua, mnasogeleana mkekani, harufu ya kibatari, mkono wa bibi unakupapasa mgongo, na ole wake aruke neno moja, tulikuwa tunamrudisha. Hadithi ilishaingia zamani, maana yake ikaja kutukuta baadaye. Kwa wengine mpaka leo haijafika na wala hatujapungukiwa kitu.

Wenzetu Uingereza jambo hili wamelifanyia kazi tangu miaka ya 1990. London kuna shirika linaitwa Bag Books, wanatengeneza hadithi za makadi makubwa yaliyobandikwa vitu vya kushika, kunusa na kusikiliza, na msimuliaji anampelekea kila mtoto kile kitu kwa zamu yake. Dundee kule Scotland kuna PAMIS, wao wametengeneza hadithi za mtu mmoja mmoja, na hawakwepi mambo mazito, kwenda kwa daktari wa meno, hedhi, vitu ambavyo wazazi wengi tunamfanyia mtoto kimya kimya kama tunaosha sufuria. Utaratibu wao ukiutazama hauna maajabu. Sentensi chache fupi, kila moja na kitu chake, na maneno yawe yale yale kwa mpangilio ule ule kila siku, usiongeze chumvi. Halafu unarudia wiki kwa wiki. Ukisha sema unampa kitu, unanyamaza, unasubiri.

Mie nikaona mbona hii ni Paukwa tu, imeongezewa vitu.

Nikachukua kisa cha kima na papa, kile ambacho kima anamtupia papa matunda toka juu ya mti, papa anamkaribisha kwao, katikati ya bahari anamwambia sultani wetu mgonjwa na dawa yake moyo wa kima, kima anajibu aah, si ungesema mapema, sisi mioyo tunaiacha mtini. Nikakikata mpaka kikabaki sentensi saba. Kima kakaa mtini: natikisa tawi karibu na sikio lake. Katupa tunda, chubwi: naangusha kungu kwenye beseni la maji, na nachagua yale mekundu yaliyoiva halafu nayashika mbele ya baibui langu, maana Babu anaona vizuri zaidi rangi kali kwenye kitu cheusi na kikiwa kinatembea. Papa kaja: mkebe. Panda mgongoni twende: hapo mimi na dada yake tunamlaza kwenye kikoi tunashika pembe tunambembeza. Bahari baridi: kitambaa kilichotoka kwenye barafu, miguuni. Moyo wangu uko wapi: naweka mkono wake kifuani kwangu. Nimeuacha mtini: lile tawi tena. Basi.

Mwanzo nilikosea sana. Nilinunua samaki wa plastiki dukani, mzuri, wa bluu, nikampa ashike. Kwangu mie ni samaki kwa sababu nimeshaona samaki, kwake yeye ni plastiki, ni ndugu wa kikombe na chanuo. Ndio nikaenda sokoni kutafuta papa mwenyewe. Na nilikuwa namshika kiganja naubamiza mkono wake kwenye maji, nadhani namsaidia, anakunja ngumi analia. Siku hizi naweka mkono wangu chini ya wake, naingia majini mimi kwanza, akitaka anafuata, hataki anabaki juu ya mkono wangu. Taa za kumetameta sitaki hata kuzisikia kwa sababu ya kifafa, na vya kuonja simpi, anapaliwa upesi, harufu inatosha.

Lakini yote hayo ni madogo, kazi kubwa ni kunyamaza. Jamani kunyamaza ni kugumu. Ukimpa mtoto kama Babu kitu, ujumbe unasafiri mbali mpaka ufike na majibu yarudi, na sisi watu wazima tukihesabu mpaka tano tu tunaona hamna kitu, tunapiga makofi, tunamwita jina mara kumi, tunampa kitu kingine, kwa hiyo kila akikaribia kujibu sisi tumeshamwangushia swali jipya juu ya lile la kwanza. Kile kitengo nilichokitaja juu nilikaa siku moja nikaangalia, watoto sita wamepangwa kwenye viti, mwalimu anapita na chupa ya pafyumu, pss, pss, pss, dakika mbili kamaliza wote na kaandika kwenye daftari "hawakuonyesha mwitikio". Simlaumu sana yuko peke yake na watoto wengi, ila wangeonyesha saa ngapi?

Siku ya kumi na tisa, nakumbuka kwa sababu nilikuwa naweka alama kwenye kalenda, nimetoka kuangusha kungu, chubwi, nanyamaza kama kawaida, mkebe bado uko nyuma yangu umefungwa, nikaona pua ya Babu inajikunja. Papa hajaja! Alikuwa anamngoja. Nilikaa pale nimeshika kungu lililolowa maji kama mjinga, dada yake akaniambia mama endelea, nikashindwa, nikaenda jikoni kwanza.

Ndio, kuna siku analala sentensi ya pili. Kuna siku degedege linakuja tunafunga kitabu. Wiki nzima inaweza kupita pua isijikunje.

Kitu kingine kinachonikera, na hapa najua mafizio, wale wa tiba ya viungo, watanichukia, ni hii tabia ya kila anachokigusa mtoto mwenye ulemavu kuwa tiba. Nimemweleza mmoja kuhusu hadithi akauliza haraka, lengo lake nini, unapima vipi. Mwanangu mkubwa akisikiliza hadithi hamna anayeuliza lengo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 wa haki za watu wenye ulemavu una ibara nzima, ya 30, ya utamaduni na burudani, haikusema burudani kwa maelekezo ya daktari. Sikatai faida zipo. Babu alikuwa anaogopa mashine ya kinyozi mpaka anabadilika rangi, nikamtungia kahadithi ka sentensi nne, mashine imezimwa mkononi, mashine inanguruma mbali, mashine begani, poda shingoni, mwezi mzima, sasa ananyolewa analalamika kidogo kama wanaume wengine. Ila hiyo ilikuwa shida yetu ya nyumbani tumeitatua. Kima na papa ni ya raha tu, wala sitaki impeleke popote.

Anayenisumbua sasa hivi ni kaka yangu. Alikuja Ijumaa akakaa akasikiliza yote saba, nikajua atasifia, akasema umeharibu kisa, kwanza ni mkuyu sio mkungu, pili umemtupa punda wa dobi, kima ndio anamsimulia papa habari za punda wa dobi asiye na moyo wala masikio, bila punda hamna kisa. Nikamwambia haya njoo umweke wewe. Nikadhani yameisha. Jana kaleta kipande cha sabuni ya mche, kamnusisha Babu, kanyamaza vizuri tu kunishinda mimi, na Babu akageuza kichwa upande wa sabuni. Sasa ananiuliza masikio ya punda tutayapata wapi.