Keki ya Kunusa

Mimi sina ugomvi na mchaichai. Umeota nyuma ya nyumba yangu hapa Chikongola, Mtwara, hukatwa, huchemshwa, hunywewa, na haujawahi hata siku moja kudai kwamba wenyewe ni mkate wa kumimina. Ugomvi wangu ni na chai ya mitishamba aliyoniletea mpwa wangu kutoka Dar es Salaam, ambayo boksi lake limechorwa kipande cha keki ya chokoleti kinachochuruzika karameli, ilhali ndani, na nimepekua mpaka chini, hamna keki.

"Mjomba, hii haina sukari wala kafeini," alinieleza. "Ukinywa usiku unalala vizuri."

Huku kwetu Kusini mjomba ni mtu mzito katika ukoo, kwa hiyo sikuweza kuikataa zawadi mbele ya watu. Hata hivyo, niliposoma maandishi ya ubavuni nilibaini kwamba, baada ya kuondoa sukari na kafeini, waungwana hawa wameondoa na majani ya chai yenyewe. Kilichomo ni roibosi, kichaka cha milima ya Cederberg huko Afrika Kusini, ambacho hukatwakatwa, hulowanishwa na kuachwa kichachuke mpaka kiwe chekundu, kisha hutiwa vionjo. Yaani sisi wenye mashamba ya chai Mufindi, Rungwe na Lushoto tumeagiza kichaka!

Nikatia maji ya moto. Haki lazima isemwe: harufu ilikuwa ya kweli, tena ya kweli kupita kiasi, kwa kuwa kabla sijashika kikombe jirani yangu alikwisha kupiga hodi, akavua viatu na kuuliza kwa upole, "Shemeji, leo kuna shughuli humu?" Nikamwambia hakuna shughuli, ni chai tu. Hakuniamini. Alikaa akilitazama pazia la jikoni kwa subira ya mtu anayejua kwamba keki haiwezi kufichwa milele.

Nikaonja. Ilikuwa kana kwamba pua imealikwa harusini na ulimi umeambiwa usubiri getini. Ulimi hutambua utamu, chumvi, uchachu na uchungu, lakini mambo ya vanila na karameli ni kazi ya pua, na kiwanda, kwa kulijua hilo, kimeihonga pua na kuuachia ulimi maji mekundu yenye ukakasi wa mbali. Nilipovuta kopo la sukari, mpwa akaruka: "Mjomba, ukitia sukari unaharibu maana yake!" Maana ipi, ikiwa nimeahidiwa keki?

Muuza kahawa wa barazani kwetu hana boksi lenye picha. Kahawa yake ni chungu na haoni aibu kuiita chungu, na anayetaka utamu huuziwa kando kashata, kitu kinachoshikika, kinachotafunika, kinachong'ang'ania kwenye magego. Hata jirani, alipokwisha kuimaliza chai yangu kwa heshima, alielekea huko moja kwa moja bila kuniaga.

Mpwa ameahidi kwamba safari ijayo ataleta yenye ladha ya pai ya tufaha. Nimemwagiza, kwa mamlaka yote ya mjomba, chai aiache hukohuko na pai aje nayo.