Jamani, Ertuğrul ni tamthilia

Hivi mtu akikufokea "kasome historia", halafu ushahidi wake ni kipande cha Diriliş: Ertuğrul, tamthilia ya Kituruki, unamjibu nini? Mimi nimechoka. Tamthilia yenyewe naipenda, farasi, shoka la Turgut, ule muziki wake, vyote. Lakini tunachokijua kwa hakika kuhusu Ertuğrul hakijazi ukurasa: ni baba yake Osman, mwanzilishi wa dola ya Uthmania, na jina lake limo kwenye sarafu ya mwanawe. Basi. Zile saa mamia za mapanga na fitina wametunga waandishi wa Uturuki, na kazi yao nzuri. Ibn Arabi, yule mwanazuoni wa Kisufi anayemwongoza Ertuğrul kwenye tamthilia, alikuwepo kweli, alifariki Damascus mwaka 1240, ila hakuna ushahidi kwamba aliwahi hata kuonana naye. Thubutu kumwambia shabiki hivyo! Utaulizwa kama wewe ni Muislamu kweli.

Pakistan ndiyo walipitiliza. Televisheni ya taifa ilipoirusha kwa Kiurdu kuanzia Ramadhani ya 2020, watu walivamia Instagram ya Esra Bilgiç, aliyeigiza Halime, mke wa Ertuğrul, wakamkaripia kwa mavazi yake. Dada wa watu kapiga picha zake na nguo zake, anasutwa kama mke wa bey, yaani chifu wa Kituruki, wa karne ya 13! Mshahara wa kuigiza uliisha siku kamera zilipozimwa, jamani.

Na Lahore, hukohuko Pakistan, wakamsimamishia shujaa wao sanamu, juu ya farasi. Sanamu, ndugu zangu Waislamu.